Simone Weil: malezi, ualimu na kiwanda

Simone Weil alizaliwa Paris tarehe 3 Februari 1909, akafariki Ashford, kusini mwa Uingereza, tarehe 24 Agosti 1943, akiwa na umri wa miaka 34. Hadi anafariki hakuwa amechapisha kitabu hata kimoja. Aliacha makala zilizotawanyika katika majarida ya walimu na ya vyama vya wafanyakazi, barua, shajara ya kiwandani, na rundo la madaftari. Hata hivyo leo anasomwa pamoja na wanafalsafa wakubwa wa Ufaransa wa karne ya 20. Kumwelewa kunadai kufuata njia aliyopita, kwa sababu mawazo aliyoyapata vitabuni aliyapeleka darasani, kiwandani na vitani, na mambo aliyoyakuta huko yakamlazimisha ayafikirie upya.

Baba yake, Bernard Weil, alikuwa daktari wa ukoo wa Kiyahudi kutoka Alsace. Mama yake, Salomea Reinherz, ambaye nyumbani aliitwa Selma, alizaliwa Rostov nchini Urusi na kukulia Ubelgiji. Wazazi wote wawili hawakushika dini, na watoto wakalelewa bila sinagogi wala kanisa, katikati ya vitabu na mazungumzo. Selma alikuwa mwanamke shupavu aliyetamani kusomea udaktari akakataliwa na baba yake, na kiu hiyo ya elimu akaihamishia kwa wanawe. Aliogopa pia vijidudu vya maradhi kupita kiasi, akawazoesha watoto kunawa mikono kila mara na kutobusiwa na watu wa nje. Baadhi ya waandishi wa wasifu wameona humo chanzo cha tabia ya Simone ya kukwepa kuguswa. Huenda wako sahihi, ingawa jambo hilo halifafanui hata ukurasa mmoja wa falsafa yake.

Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, daktari Weil aliitwa jeshini na familia ikamfuata mji baada ya mji: Neufchâteau, Menton, Mayenne, Chartres, Laval. Masomo ya watoto yakawa ya kukatikakatika. Ni wakati huo ambapo Simone, akiwa bado mtoto wa miaka mitano au sita, alikataa kula sukari kwa kuwa askari waliokuwa mstari wa mbele hawakuipata. Alimchukua pia askari mmoja asiye na jamaa awe kama ndugu, kama watoto wengi wa Ufaransa walivyofanya siku hizo, akawa anamtumia vifurushi. Askari huyo alikuja kuwatembelea akiwa likizoni mwaka 1917, na baadaye akauawa vitani. Vita vilipokwisha, msichana huyo wa miaka kumi aliona jinsi mkataba wa Versailles ulivyokusudia kuidhalilisha Ujerumani iliyoshindwa. Miaka mingi baadaye aliandika kwamba hapo ndipo uzalendo wake wa kitoto ulipopona kabisa, na kwamba tangu hapo aibu ambayo nchi yake iliwatia wengine ilimuuma kuliko aibu ambayo nchi yake ilitiwa na wengine. Maneno hayo aliyaishi: alikuwa miongoni mwa Wafaransa wachache wa kizazi chake walioandika mapema na kwa uchungu juu ya makoloni ya Ufaransa, kuanzia Indochina hadi damu ya wachimba fosfeti iliyomwagika Tunisia mwaka 1937.

Mwalimu wake wa kwanza alikuwa kaka yake, André, aliyezaliwa mwaka 1906. Ndiye aliyemfundisha Simone kusoma, kwa siri, ili wamshangaze baba yao kwa kumsomea gazeti. Watoto hao wawili walikariri tamthilia za Racine na kutunga lugha ya mafumbo ambayo wengine hawakuielewa. Lakini André alikuwa na kipaji kisicho cha kawaida. Aliingia École normale supérieure, chuo kinachoandaa wasomi wa juu wa Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 16, na baadaye akawa mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne na mwasisi mwenza wa kundi la wanahisabati lililojiita Bourbaki. Kukua kando ya mtu wa namna hiyo kulimwachia dada yake jeraha.

Jeraha hilo Simone alilieleza mwenyewe mwaka 1942 katika barua ndefu kwa padri Joseph-Marie Perrin wa shirika la Wadominiko. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alizama katika kukata tamaa kusiko na mwisho, akafikiria kufa. Hakuhusudu sifa wala tuzo za kaka yake. Kilichomtesa ni fikra kwamba pana ufalme ambamo ukweli unakaa, kwamba wenye vipaji vikubwa peke yao ndio wanaoingia, na kwamba yeye atabaki nje ya mlango. Baada ya miezi ya giza akapata yakini iliyomtoka moyoni ghafla na haikumwacha tena: kwamba mtu yeyote, hata asiye na kipaji cha asili, anaweza kuufikia ukweli ikiwa anautamani kweli na anajitahidi bila kukoma kuuelekezea umakini wake. Ndani ya yakini hiyo ya msichana wa miaka 14 tayari mlikuwa na mbegu ya falsafa yake nzima. Usawa wa binadamu, thamani ya elimu kwa wafanyakazi, hata mafundisho yake ya baadaye kuhusu sala, vyote vilitokana nayo.

Shule ilimpa vyombo. Alisoma katika sekondari ya wasichana ya Fénelon, kisha akakaa mwaka mmoja katika sekondari ya Victor-Duruy, alikofundishwa falsafa na René Le Senne na kufaulu baccalauréat, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 1925. Oktoba ya mwaka huo akaingia sekondari ya Henri-IV, katika darasa la maandalizi ya mtihani wa kuingia École normale supérieure. Huko alikutana na Émile Chartier, aliyejulikana kwa jina la kalamu la Alain.

Alain alikuwa mwalimu wa aina ya pekee. Kwa miaka mingi aliandika makala fupi za kila siku katika gazeti la mji wa Rouen, na aliamini kwamba jambo zito lazima liwezekane kusemwa kwa lugha ambayo msomaji wa kawaida anaielewa. Alipinga vita, lakini vilipotokea alijitolea kwenda jeshini akiwa na umri wa miaka 46, kama askari wa kawaida wa mizinga, ili asizungumzie mateso ambayo hakuyashiriki. Darasani hakufundisha mifumo ya falsafa kwa mpangilio wa kitabu cha kiada. Alisoma matini yenyewe, Plato, Descartes, Kant, pamoja na Homer na Balzac, na aliwahimiza wanafunzi kuandika insha za hiari wakati wowote. Insha hizo hazikuwa na alama wala mada ya lazima. Mwanafunzi aliyeandika vibaya alielekezwa aandike tena, kwa kuwa Alain aliona kuandika vizuri na kufikiri vizuri kuwa kazi moja.

Insha mbili za Simone za miaka hiyo zimehifadhiwa na zinastahili kutazamwa. Ya kwanza, ya Novemba 1925, inajadili hadithi ya ndugu Grimm kuhusu ndugu sita waliogeuzwa kuwa mabata maji. Ili kuwaokoa, dada yao anapaswa kuwashonea mashati sita kwa maua madogo meupe, bila kutamka neno wala kucheka kwa miaka sita, hata anaposingiziwa makosa na kuhukumiwa kifo. Simone anadai kwamba nguvu ya msichana huyo ipo katika yale anayojizuia kuyatenda. Ya pili, ya Februari 1926, inamzungumzia Aleksanda Mkuu, ambaye akiwa jangwani na jeshi lenye kiu aliletewa maji katika kofia ya chuma akayamwaga. Kwa Simone kitendo hicho hakikumsaidia askari yeyote, na kunywa kungemtenga Aleksanda na watu wake. Wema wa kitendo uko katika kukataa kutengwa. Msomaji anayejua kisa cha sukari atauona uhusiano mara moja. Hata hivyo insha ina kitu ambacho kisa hakina: hoja iliyojengwa hatua kwa hatua, na mwandishi wa miaka 17 anayejua anakoelekea.

Mtihani wa kuingia chuoni alishindwa mara ya kwanza mwaka 1927, hasa kwa sababu alilipuuza somo la historia, akafaulu mwaka 1928. Katika kipindi hicho ndipo alipokutana na Simone de Beauvoir huko Sorbonne. Beauvoir alisimulia baadaye kwamba alivutiwa na habari kuwa Weil alilia aliposikia juu ya njaa kubwa nchini China. Walipozungumza, Weil alisisitiza kuwa jambo moja tu lina maana, nalo ni mapinduzi yatakayowalisha watu wote. Beauvoir akajibu kwamba la muhimu ni watu kupata maana ya kuwepo kwao. Weil akamtazama na kumwambia kwamba inaonekana hajawahi kushinda na njaa. Jibu hilo lilikuwa kali, na halikuwa la haki kabisa, maana binti wa daktari naye hakuwahi kukosa chakula isipokuwa kwa hiari yake. Ni pengo hilo hasa, kati ya kusema kwa niaba ya wenye njaa na kuijua njaa, ambalo miaka iliyofuata alijaribu kuliziba.

Akiwa bado mwanafunzi alishiriki kufundisha katika shule ya jioni ya wafanyakazi wa reli, iliyoanzishwa na watu waliopita mikononi mwa Alain. Tasnifu yake ya mwaka 1930 juu ya sayansi na utambuzi wa hisia kwa Descartes ilisimamiwa na Léon Brunschvicg, aliyempa alama 10 kati ya 20, yaani alama ya mwisho ya kufaulu. Tasnifu hiyo haikuzingatia sana waandishi wengine waliomchambua Descartes, na Brunschvicg bila shaka hakulipenda hilo. Ndani yake Simone anauliza kama sayansi ni mali ya wataalamu wa aljebra au ni njia ambayo kila mtu afanyaye kazi tayari anaitembea. Pale ambapo Descartes alianzia kwenye fikra, yeye anaanzia kwenye uwezo wa kutenda: mtu anaujua ulimwengu kwa kukutana na ukaidi wake, kama kipofu anavyoijua njia kwa ncha ya fimbo, au fundi anavyoujua ubao kwa ukali wa chombo chake. Kazi ya mikono hapo imekuwa mlango wa ujuzi. Lakini mwandishi wa tasnifu hiyo alikuwa hajawahi kuajiriwa katika kazi ya mikono hata siku moja, na mwaka huohuo maumivu makali ya kichwa yalianza kumsumbua, yakamwandama hadi mwisho wa maisha.

Mwaka 1931 alifaulu agrégation, mtihani wa kitaifa wa walimu wa sekondari, akapangiwa kufundisha falsafa katika sekondari ya wasichana ya Le Puy. Aliishi kwa fedha kidogo kadiri ya kipato cha mtu asiye na ajira, na mshahara uliobaki aliutoa kwa ajili ya wachimba makaa wa eneo la Saint-Étienne, ambako alikwenda kuwafundisha mwishoni mwa wiki. Alipoongozana na vibarua waliokuwa wakivunja mawe kwenda kudai haki zao kwa meya, magazeti ya huko yalimshambulia na wakubwa wa elimu wakaanza kumhamisha: Auxerre mwaka 1932, Roanne mwaka 1933. Wanafunzi wake wengi walishindwa mitihani kwa sababu hakufundisha kwa ajili ya mtihani. Anne Reynaud, aliyesoma kwake Roanne, alihifadhi madaftari yake ya darasani, na yalipochapishwa mwaka 1959 yakaonyesha mwalimu makini, mwenye mifano mingi, asiyetumia darasa kuhubiri siasa.

Kisiasa alikuwa karibu na vyama vya wafanyakazi vilivyotaka mapinduzi, lakini hakujiunga na chama cha Kikomunisti. Kiangazi cha 1932 alikwenda Ujerumani kujionea, akarudi na mfululizo wa makala zilizoonya kwamba wafanyakazi wa huko, licha ya wingi na nidhamu yao, hawakuwa na uwezo wa kumzuia Hitler. Miezi michache baadaye Hitler alishika madaraka. Mwaka 1933 akaandika kwamba dola ya Kisovieti haikuwa dola ya wafanyakazi bali utawala wa aina mpya wa maofisa. Trotsky, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi aliyekuwa uhamishoni Ufaransa, alimjibu kwa ukali kimaandishi. Mwishoni mwa mwaka huo Trotsky alilala katika jengo la wazazi wa Simone mtaa wa Auguste-Comte, na wawili hao wakabishana kwa sauti kubwa kuhusu Urusi.

Mwaka 1934 aliandika insha ndefu juu ya sababu za uhuru na za ukandamizaji katika jamii. Ndani yake anamheshimu Marx kama mchambuzi, kisha anamkosoa kwa kuamini bila ushahidi kwamba nguvu za uzalishaji zitaongezeka bila kikomo na kuleta ukombozi. Kwake mzizi wa ukandamizaji uko ndani ya kazi yenyewe, katika mgawanyo kati ya wanaofikiri na kuamuru na wale wanaotekeleza bila kuelewa. Kuondoa umiliki binafsi hakuondoi mgawanyo huo. Uhuru, kwa mujibu wa insha hiyo, ni pale ambapo mtu anatenda kwa kuongozwa na fikra yake mwenyewe. Insha hiyo iliandikwa kwa ustadi mkubwa. Aliyeiandika alijua kwamba ilikuwa imeandikwa kutoka nje ya kiwanda.

Kwa hiyo aliomba likizo. Tarehe 4 Desemba 1934 alianza kazi katika kiwanda cha Alsthom, mtaa wa Lecourbe, Paris, kilichotengeneza mitambo ya umeme. Aliajiriwa kwa msaada wa mkurugenzi wake, Auguste Detœuf, lakini kazi aliyofanya ilikuwa ya kibarua asiye na ujuzi, akiwa amepanga chumba karibu na hapo na kuishi kwa ujira huo. Baadaye akahamia kiwanda cha Carnaud huko Boulogne-Billancourt, alikokaa chini ya mwezi mmoja, na hatimaye Renault, alikofanya kazi ya mashine ya kuchonga vyuma kuanzia Juni hadi Agosti 1935.

Malipo yalikuwa kwa kila kipande, na mikono yake ilikuwa mizito. Shajara yake imejaa hesabu: vipande vingapi, kwa muda gani, kwa senti ngapi, vingapi vimeharibika. Alifanya kazi mbele ya tanuri, akitia na kutoa vipande vya chuma huku moto ukimchoma mikono. Anaandika kwa shukrani kubwa juu ya fundi mmoja ambaye, alipomwona anateseka, alisogea bila neno akamsaidia kuufunga mlango wa tanuri. Mambo madogo kama hayo yanachukua nafasi kubwa katika shajara, na ndiyo yanayoifanya iwe hati ya thamani kuliko ripoti nyingi za viwandani za wakati ule.

Alichokigundua hakikuwa alichokitarajia. Alidhani kwamba ukandamizaji unazaa hasira, na kwamba hasira ni mwanzo wa ukombozi. Aligundua kwamba unazaa utiifu. Kasi na amri vinamlazimisha mfanyakazi kuacha kufikiri, kwa kuwa anayefikiri hupunguza mwendo, na baada ya majuma machache fikra yenyewe inakuwa mateso ambayo mtu anayakimbia. Siku moja akipanda basi alijishangaa: mtumwa kama yeye anapataje haki ya kupanda basi na kulipa nauli kama watu wengine? Aliandika kwamba kama angefukuzwa humo kwa ukali, angeliona ni jambo la kawaida kabisa. Mwanamke huyo alikuwa na shahada za juu za nchi yake na wazazi wenye uwezo ng'ambo ya mji, na bado miezi michache ilitosha kufuta hisia kwamba ana haki yoyote. Hapo ndipo alipoanza kutofautisha maumivu ya kawaida na madhila, yaani hali inayomvunja mtu mwilini, katika jamii na moyoni kwa wakati mmoja, hadi akajidharau mwenyewe.

Kisha mambo yakafuatana upesi. Septemba 1935, akiwa na wazazi wake Ureno, aliwaona wake za wavuvi wa kijiji kimoja wakizunguka mashua kwa maandamano, wakibeba mishumaa na kuimba nyimbo za huzuni, akapata fikra kwamba Ukristo ni dini ya watumwa, na kwamba yeye ni mmoja wao. Agosti 1936 alijiunga na wapiganaji wa mwanaanarki Durruti huko Aragón, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, lakini baada ya muda mfupi alikanyaga chungu cha mafuta ya moto na kulazimika kuondoka. Alichokikumbuka zaidi ni jinsi watu wa upande wake walivyozungumzia mauaji kwa wepesi. Wakati wa Pasaka ya 1938, katika monasteri ya Solesmes, huku kichwa kikimuuma, alisikiliza ibada kwa siku kadhaa, na mwaka huohuo akawa na yakini ya kukutana na Kristo. Alibaki kwenye kizingiti cha Kanisa na akaukataa ubatizo kwa miaka kadhaa. Maandiko ya Kiyahudi, kwa upande mwingine, aliyahukumu kwa ukali usio na haki, na hilo ni doa ambalo wapenzi wa kazi zake hawana budi kulikiri.

Kufikia mwaka 1942, huko Marseille alikokimbilia vita na wazazi wake, mikondo yote ilikuwa imekutana. Katika insha aliyomwandikia padri Perrin kuhusu masomo ya shule, anafundisha kwamba swali la jometri linanoa umakini hata kama mwanafunzi hakupata jibu, na kwamba umakini huohuo, ukielekezwa kwa mtu aliye katika madhila, ndio upendo wa jirani. Yakini ya miaka 14, nidhamu ya Alain na fundi wa tanuri vimo ndani ya kurasa hizo chache. Mwaka uliofuata, akiwa London katika harakati ya Wafaransa Huru iliyopinga utawala wa Wajerumani nchini mwao, na tayari akiugua kifua kikuu, aliandika L'Enracinement, kitabu kinachopendekeza viwanda vikubwa vivunjwe kuwa karakana ndogo ambamo mfanyakazi anaielewa kazi yote anayoifanya, na vijana wagawane siku kati ya kazi na masomo. Albert Camus alikichapisha mwaka 1949 katika mfululizo aliousimamia kwenye shirika la Gallimard, na miaka miwili baadaye shajara ya kiwandani ikatoka katika kitabu La Condition ouvrière.